Chini ya Jiwe

Mwishoni mwa 2024, wiki chache tu baada ya NHIF kuondolewa, mtu mmoja kwenye grupu letu la WhatsApp la tuliosoma naye sekondari aliuliza: jameni, hii SHA ni nini hasa, na zile pesa nilizokuwa nalipa NHIF zimeenda wapi? Dakika haikuisha. "Kwani umekuwa ukiishi chini ya jiwe?" Wakafuata wengine na emoji za kucheka, mstari mzima. Aliyeuliza akafuta ujumbe wake.

Nami nilicheka, niliweka emoji tatu. Halafu nikakaa na simu mkononi nikagundua kwamba kati yetu sote tuliocheka hakuna aliyemjibu. Nikajaribu kujijibu mwenyewe. Nilijua jina la kitu na kelele zake, kwamba watu hospitalini wanalalamika na kwamba mahakamani kuna kesi. Zaidi ya hapo, bure kabisa. Tofauti yangu na yule jamaa ilikuwa kwamba yeye aliuliza.

Huu msemo wa jiwe tumeutoa kwa Waingereza, wao husema "living under a rock", na sisi tumeutafsiri neno kwa neno, tukaanza kuurushiana kama kokoto. Ukiutazama vizuri una mashtaka ndani yake. Unasema habari ziko nje kwenye jua, kila mtu anaziokota, na wewe peke yako umejikunja mahali kama mjusi. Hukukosa kuambiwa, umechagua makao. Kwa hiyo kutojua kwako ni kosa lako, tena ni kosa la kuchekesha.

Kiswahili kina picha nyingine. Usilolijua ni usiku wa giza, ndivyo tulivyofundishwa shuleni tukaandika kwenye insha bila kufikiria. Lakini tofauti ni kubwa. Jiwe ni la mtu mmoja, usiku unatuingilia sote, profesa na mchuuzi. Hakuna anayeulizwa kwa nini usiku umemkuta.

Nimefikiria sana habari za jiwe na usiku kwa sababu niliwahi kumwambia nyanya yangu msemo huu, usoni, na matokeo yake yako shambani kwetu mpaka leo. Ni mashimo manne.

Kwetu ni Wundanyi, juu milimani, ambako matatu ya kutoka Voi ikishapita Mwatate inaanza kupanda kona baada ya kona mpaka masikio yanaziba. Juu kuna baridi na ukungu, na mashamba ya matuta yenye mboga zinazoteremshwa hadi Mombasa. Familia nyingi za juu zina pia kipande cha ardhi chini, kwenye tambarare, mahali pa joto, mbuzi na miba. Sisi tunacho. Babu alikiacha kwa baba mdogo, na kwa miaka mingi hakuna aliyekijali sana.

Lakini tambarare za Taita Taveta zina vito. Yale mawe ya kijani yanayouzwa ng'ambo kwa jina la tsavorite yalianza kuchimbwa upande wetu miaka ya mwanzo ya 1970, baada ya mwanajiolojia Campbell Bridges kuyafuata kutoka Tanzania alikoyaona kwanza mwaka 1967. Jina lilitolewa mwaka 1974, kwa heshima ya Tsavo, na duka la Tiffany la New York ndilo lililoyatangaza duniani. Kuna rubi pia, upande wa Mangari. Bridges mwenyewe aliuawa mwaka 2009, mwezi wa Agosti, katika ugomvi wa hizo hizo ardhi za machimbo. Hayo yote watu wa kwetu wanayajua kwa vipande. Mtu ataishi juu ya ardhi miaka sitini, apande mtama, afuge mbuzi, na kilicho mita kumi chini ya nyayo zake kinajulikana na mtu aliye mbali mwenye ramani. Nani hapo anaishi chini ya jiwe?

Desemba 2018 walikuja watu wa kampuni moja ambayo sitaitaja. Walikuja kwa heshima, na sukari na unga, wakasalimia vizuri, wakakaa. Walikuwa na karatasi, kurasa nne za Kiingereza. Sheria ya Madini ya 2016 inataka mwenye ardhi ya kibinafsi akubali kabla ya mtu kuja kutafuta madini kwake, na hiyo karatasi ndiyo ilikuwa kukubali kwenyewe. Walisema hakuna haraka. Halafu wakasema wangependa kuondoka nayo kabla ya saa kumi, kwa sababu ya barabara.

Baba mdogo aliishika, akaigeuza, akanipa mimi.

Hapa lazima niseme nilikuwa nani siku hiyo. Nilikuwa na miaka ishirini, nimekuja likizo kutoka chuo kikuu, mtu wa kwanza wa nyumba ile kufika huko. Ndivyo walivyojua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha tangu Septemba. Karo ilikwama, nikakosa mtihani mmoja, kisha mwingine, kisha nikaacha kwenda, nikawa nalala kwa rafiki Githurai nikiwaandikia watu insha zao kwa malipo. Sikuwa nimemwambia mtu. Kwa hiyo karatasi ilipofika mikononi mwangu, haikuwa karatasi tu. Ulikuwa mtihani mbele ya familia nzima, na mimi tayari nilikuwa nimefeli mingine bila wao kujua.

Nilisoma ukurasa wa kwanza. Wa pili kulikuwa na neno "indemnify". Sikulijua. Niliwahi kuliona, lakini kulijua ni kitu kingine. Kulikuwa na sentensi moja yenye mistari tisa ambayo mwisho wake ulikuwa haukumbuki mwanzo. Niliitazama kwa muda ambao nilidhani msomi angeitazama, nikafungua ukurasa wa tatu, nikatikisa kichwa taratibu.

Nyanya alikuwa pembeni anachambua maharagwe. Akauliza kwa Kidawida, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wageni wasikie: "Na wakichimba wasipate kitu, shimo linakuwa la nani?"

Swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo. Na mimi, kwa sababu sikuwa na jibu, nikamcheka. "Nyanya nawe, huwa unaishi chini ya jiwe? Siku hizi kuna sheria, mambo haya yanajulikana." Wageni wakatabasamu. Nyanya hakukasirika. Aliendelea na maharagwe yake, akasema, "Chini ya jiwe? Bado. Siku yangu haijafika."

Wazee waliokuwepo walicheka kwa namna ambayo sisi vijana hatukuelewa. Nilikuja kuelewa baadaye. Zamani, Wadawida walimzika mtu, na baada ya muda, mara nyingi mwaka hivi, kichwa kilifukuliwa na kuwekwa kwenye pango au chini ya mwamba wa ukoo. Kila ukoo ulikuwa na mahali pake. Mafuvu mengine yapo mpaka leo, na pango moja la namna hiyo halipo mbali na mji wa Wundanyi. Wamisionari walipokuja, Wray wa CMS alifungua kituo chake Sagalla mwaka 1883, desturi ilianza kufifia, na nyanya yangu ni Mkristo wa kanisani kila Jumapili, haendi pangoni wala hakuenda. Lakini anajua walio chini ya jiwe ni nani. Ni wazee. Na mambo yalipokwama, mvua ilipokataa au ugonjwa ulipoingia, ndiko watu walikokwenda. Walienda kuuliza.

Nimejikuta nikicheka peke yangu barabarani nikikumbuka. Nilimtukana nyanya kwa kumwambia anaishi na watu ambao, katika masikio yake, ndio waliokuwa wakiulizwa.

Basi. Nikasema, "Iko sawa, baba. Ni ruhusa tu ya kupima." Baba mdogo akaweka sahihi. Saa tisa na nusu.

Sitasimulia kwa urefu kilichofuata. Walichimba mahali pane, hawakupata walichokitaka, au walipata wakanyamaza, sijui. Wakaondoka. Pesa ilikuwa ile ya mara moja, iliyoisha kwa karo ya binamu zangu na mabati. Mbuzi wawili walitumbukia mwaka uliofuata, na msimu wa mvua shimo moja likawa bwawa ambalo watoto wanakatazwa kila siku kulikaribia. Baba mdogo alipowapigia simu wakamwambia asome ukurasa wa pili.

Sasa niwekee msemo unaofaa hapo. Baba mdogo hakuwa chini ya jiwe, alikaa sebuleni kwake na karatasi aliletewa mkononi. Wala haukuwa usiku wa kawaida, ule usio na mwenyewe. Waingereza haohao wana msemo mwingine, wa mtu kuwekwa gizani, na huo kidogo ni wa haki kwa sababu unakiri kwamba kuna aliyezima taa, hata kama haumtaji. Kwa miaka kama mitatu niliupenda sana huo. Ulinipa mtu wa kumlaumu. Kampuni iliandika Kiingereza cha mahakamani kwa watu wa mbuzi, iliwapa saa mbili, ilileta sukari. Yote ni kweli na bado nayasema.

Hata dola ina mkono hapo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 7, inasema kutoijua sheria si utetezi. Katiba ya 2010, ibara ya 7 pia (sijui nani alipanga mzaha huu), inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ukiziweka pamoja unapata kitu cha ajabu: unatakiwa kujua, una haki ya kujua, lakini Sheria ya Madini yenyewe, ile inayosema mrabaha ugawanywe asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii, imeandikwa kwa lugha ambayo mwenye shamba anamwita mtoto wa ndugu yake aje amsomee. Hapo kumwambia mtu yuko chini ya jiwe ni kumchokoza. Jiwe aliwekewa.

Lakini hii hesabu inaniacha nje, na ndiyo maana niliipenda. Ukweli ni kwamba taa ilikuwepo chumbani. Nyanya aliuliza. Baba mdogo alikuwa tayari kusubiri, angesema "turudi Jumatatu, kuna mwalimu pale juu atusomee", kama mimi ningetamka maneno mawili, sijaelewa hapa. Sikudanganya kuhusu karatasi, maana sikujua ilisema nini. Nilidanganya kuhusu mimi.

Je, hilo ni kosa la namna gani? Nimelizungusha kichwani mara nyingi. Siwezi kushtakiwa kwa kutojua "indemnify", nilikuwa mtoto wa miaka ishirini. Siwezi hata kusema nilikusudia mabaya. Ila kuna ujinga wa kukosa na kuna ujinga wa kufunika, na huu wa pili unahitaji kazi. Unahitaji uso, kutikisa kichwa, kufungua ukurasa kwa wakati wake. Na unahitaji mtu wa kumcheka, ili macho ya watu yamwangalie yeye. Nadhani hiyo ndiyo kazi hasa ya msemo wa jiwe. Hautoi habari kwa asiyenazo. Unamweka anayeutamka upande wa wanaojua, bila kuulizwa chochote.

Kuna kisa cha zamani kilichopita kwetu ambacho sikukijua mpaka nikiwa nimeacha shule. Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai, alipita nchi ya Taita akielekea Uchagani. Tarehe 11 aliona mbele yake mlima wenye weupe kileleni. Asubuhi isiyo na ukungu hata sisi tunauona Kilimanjaro kutoka milima yetu, si ajabu kwetu. Alimuuliza kiongozi wake ule weupe ni nini. Yule mtu hakuwa na jina la theluji. Akasema baridi. Rebmann akaandika kwamba ni theluji, habari zikachapishwa Uingereza mwaka uliofuata, na bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, msomi wa ramani za Afrika ambaye hakuwahi kuja huku bara, akazikataa. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani, huyo mmisionari macho yake mabovu. Mwaka 1862 von der Decken na Kersten walipanda sehemu ya mlima na theluji ikawaangukia wao wenyewe. Cooley hakubadilika.

Watu hukitumia kisa hiki kuwacheka wazungu, na sawa, wacha tucheke kidogo. Mimi ninayemfikiria ni yule kiongozi. Hakuwa na neno. Angeweza kubuni jina kubwa ili asionekane hajui kwa mgeni aliyemlipa. Alisema alichokuwa nacho, kwamba pale juu ni baridi, na alikuwa sahihi kuliko maktaba yote ya Cooley. Cooley naye hakuwa mjinga hata kidogo, alijua lugha na vitabu vingi. Kilichomfunga ni kwamba alikuwa ameshasema, na watu walikuwa wameshamsikia akisema.

Najiona kwa Cooley kuliko ninavyotaka. Kazi yangu sasa ni kuandika vitu vya watu: wasifu, barua za kuomba kazi, makala za tovuti zinazouza magodoro na bima. Wiki moja naandika kama daktari wa mgongo, wiki nyingine kama mshauri wa mikopo. Nalipwa ili nisikike kama mtu anayejua. Na nyinyi mnaosoma hapa, msijifanye, wengi wenu mko ofisini mnafanya hiyo hiyo kwenye mikutano. Unatikisa kichwa, halafu unaingia chooni kutafuta neno kwenye simu. Tumelelewa hivyo. Darasani kwetu aliyeuliza alichekwa kabla hajajibiwa, na aliyenyamaza alipata B.

Methali inasema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nayo ni kweli, lakini inazungumza kama vile anayeumia ni asiyeuliza peke yake. Mimi sikuuliza na aliyetumbukia ni mbuzi wa baba mdogo.

Aprili iliyopita nilipanda nyumbani. Nilikuwa nimeamua, tangu ile siku ya emoji, ingawa ilinichukua miezi kufika. Tulikula kimanga, chai ikaletwa, nikasema yote mawili kwa pamoja kwa sababu nilijua nikianza na moja nitaishia hapo. Kwamba chuo niliacha kabla ya ile Desemba. Na kwamba ile karatasi sikuielewa.

Nyanya akasema la chuo alikuwa anajua. Mtu gani anarudi kutoka chuo bila kitabu hata kimoja miaka sita? La karatasi hakusema kitu.

Baba mdogo alikaa kimya muda mrefu. Nilitarajia anifokee, na nadhani ningefarijika. Akasimama, akaingia chumbani, nikasikia sanduku likivutwa chini ya kitanda. Alirudi na zile kurasa nne ndani ya bahasha ya kaki, zimekunjwa mara mbili, kona moja imeliwa na panya.

"Lile neno la ukurasa wa pili," akasema. "Maana yake nini?"

Nikamwambia. Kwamba wewe ndiye unayewakinga wao, hata kosa likiwa lao. Akaitikia, "Ee," kama mtu anayeambiwa bei ya kitu alichokwisha kununua.

"Haya. Soma tena. Kutoka juu. Na mwite shangazi yako aje asikie."

Tukasoma. Kila sentensi nilisema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, na pale Kiswahili changu kilipokwama nyanya alitafuta neno la Kidawida, na shangazi akabishana naye. Ilichukua jioni nzima. Kwenye ukurasa wa tatu, kifungu cha kumi na moja, kulikuwa na neno lingine, na simu yangu haikuwa na mtandao.

"Hili silijui," nikasema.

"Liwekee alama," nyanya akasema. "Endelea."

Nikapigia mstari kwa kalamu ya mtoto, nikaendelea.